Wakanaani hawakupotea: damu ilibaki, dini ikaondoka

 

Majuma machache yaliyopita alitujia mzee mmoja baada ya swala ya Alasiri, akiwa na karatasi mbili mfukoni mwa kanzu yake. Ya kwanza ilikuwa shajara ya ukoo wake, iliyonakiliwa kwa mkono wa babu yake kwa wino uliokwisha kufifia, ikipanda jina kwa jina hadi Bara Arabu. Ya pili ilikuwa imechapwa kwa kompyuta. Mpwa wake anayeishi Ulaya alitema mate katika kichupa, akakipeleka maabara, akarudishiwa hesabu ya asili yake kwa asilimia, na fungu kubwa kuliko yote katika hesabu ile lilikuwa la Afrika Mashariki. Mzee hakuwa na ghadhabu. Alikuwa na hofu. Binti yake ameposwa na kijana mwalimu wa madrasa ambaye wazazi wake wametoka bara, na yeye alikwisha kuikataa posa ile kwa hoja moja tu, kwamba kijana hana asili. "Sheikh," akatuuliza, "ipi kati ya hizi mbili ndiyo kweli?"

Tulimjibu kuwa zote mbili zaweza kuwa kweli. Lakini kabla ya kuligusa la kwake tulimwomba asikilize kwanza habari za watu wengine, walio mbali naye, ambao angeweza kuwatazama bila moyo wake kumpiga. Watu hao ni Wakanaani. Tuliwachagua wao kwa kuwa mifupa yao imechunguzwa kuliko ya mataifa mengi ya kale, na kwa kuwa Qur'an Tukufu imetaja sanamu lao kwa jina. Yale tuliyomweleza mzee tunayaandika hapa kwa kirefu zaidi, maana tunajua kuwa karatasi kama zile zimeshaingia katika nyumba nyingi za Waislamu.

Wakanaani walikuwa wenyeji wa nchi ya Sham upande wa pwani, ardhi ambayo leo ni Lebanon, Palestina, Israel na sehemu za Jordan na Syria. Lugha yao ilikuwa ya Kisemiti, ndugu wa Kiarabu, na Kiebrania chenyewe ni tawi la lugha hiyo. Wale waliokaa katika miji ya bandari, Sur, Saida, Jubail na Beirut, Wagiriki waliwaita Wafinikia. Walikuwa mabaharia na wafanyabiashara, mashuhuri kwa mbao za mierezi na kwa rangi ya zambarau waliyoitoa katika konokono wa baharini. Miongoni mwa miungu yao mikubwa alikuwa Baal. Katika Suratus-Saffat (37:123-125) Allah anatupa habari za Nabii Ilyas (A.S.) alivyowakemea watu wake kwa kumwomba Baal huyo na kumwacha Muumba aliye mbora kuliko wote.

Hapa inafaa tusimame kidogo kwenye neno hili "Kisemiti", kwa sababu watu wengi hudhani ni jina la damu. Sivyo. Ni jina la kundi la lugha, lililotumiwa kwa maana hiyo na mwanachuoni wa Kijerumani, August Ludwig von Schlözer, mwaka 1781, akilitoa katika jina la Sam mwana wa Nuhu (A.S.). Cha ajabu ni kwamba katika orodha ya vizazi iliyomo katika kitabu cha Mwanzo, kinachosomwa na Mayahudi na Wakristo, Kanaani si mwana wa Sam bali ni mwana wa Ham. Mkanaani basi, kwa hesabu ya kitabu hicho, ni Ham kwa ukoo na Sam kwa ulimi. Tangu mwanzo kabisa nasaba na lugha zilikuwa zimekwisha kuachana njia.

Na katika kitabu hicho hicho imo ile habari ya laana, ambayo baadaye watu waliigeuza wakadai kuwa weusi wa mtu mweusi na utumwa wake vimetokana na laana ya Ham. Madai hayo yaliingia hata katika vitabu vya baadhi ya Waislamu, jambo ambalo ni la kusikitisha. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliyakanusha waziwazi katika Muqaddima yake, akasema rangi ya watu inatokana na joto na hewa ya nchi wanazoishi. Tena anayesoma maandishi yenyewe ataona kuwa aliyetajwa kulaaniwa humo ni Kanaani, yaani babu wa watu wa Sur na Saida kwa hesabu ya kitabu hicho, wala si babu wa Mmakonde au Mnyamwezi. Kwa karne nyingi wanaadamu walitiwa minyororo kwa nasaba iliyosomwa vibaya.

Turudi Saida. Katika mji huo wa Lebanon, wachimbuzi walifukua makaburi ya Wakanaani walioishi takriban miaka 3,700 iliyopita. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kuwa wamesoma vinasaba vya watu watano miongoni mwa wafu hao na kuvilinganisha na vya Walebanoni 99 walio hai. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya asili ya Walebanoni wa leo inatokana na watu wa jinsi ile ile ya Wakanaani. Wakati huo baadhi ya magazeti ya nje yalipiga kelele kwamba Biblia imekanushwa, kwa kuwa imo humo amri ya kuwaangamiza Wakanaani. Kelele hizo zilitokana na kutosoma, kwani Biblia yenyewe inaeleza kuwa wengi wao walibakia katika nchi.

Utafiti ule ule ulionyesha jambo la pili ambalo halikupata vichwa vya habari. Wakanaani wenyewe walikuwa mchanganyiko: karibu nusu ya asili yao ilikuwa ya wakulima wa kale wa Sham, na nusu nyingine ya watu waliohamia kutoka mashariki, wenye uhusiano na wakazi wa kale wa Iran. Basi huyo anayetamba kuwa yeye ni Mkanaani halisi, tumwulize: halisi wa nusu ipi?

Tafakari, ndugu msomaji, maana ya ile asilimia 90. Mlebanoni anayesujudu leo msikitini Saida, na jirani yake aendaye kanisani, wote wawili ni wajukuu wa watu waliochinja kwa ajili ya Baal. Wamepita hapo Waajemi, Wagiriki, Warumi, Waarabu, na Waturuki. Wanajeshi wa Msalaba walikaa katika pwani hiyo kwa karibu miaka 200, kuanzia kutekwa kwa Al-Quds mwaka 1099 hadi kuanguka kwa Akka mwaka 1291, wakaoa na kuzaa, na utafiti wa mwaka 2019 juu ya mifupa yao iliyopatikana Saida unaonyesha kuwa alama yao katika damu ya Walebanoni wa leo ni ndogo mno. Damu ya wenyeji imebaki. Lakini Baal yuko wapi? Lugha ya Kikanaani ya Saida iko wapi? Iliondoka ikafuatwa na Kiaramu, kisha Kiarabu. Dini ikabadilika zaidi ya mara moja, na watu ni wale wale.

Huko Lebanon kwenyewe habari hii si ya kufurahisha akili tu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuwepo waandishi, wengi wao Wakristo wa Kimaroni, waliohubiri kwamba Mlebanoni si Mwarabu bali ni Mfinikia. Mwaka 1919 Charles Corm alianzisha Beirut jarida la Kifaransa lenye jina la Wafinikia, na baadaye mshairi Said Akl akafikia hatua ya kutaka lugha ya Lebanon iandikwe kwa herufi za Kilatini. Wengine nao, Waislamu kwa Wakristo, wakashika kuwa wao ni Waarabu na hawataki kusikia neno Finikia. Nchi hiyo ilipigana yenyewe kwa yenyewe kutoka 1975 hadi 1990. Hatusemi kuwa vita vile vilisababishwa na nasaba, sababu zake zilikuwa nyingi, lakini jina la asili lilikuwa kuni mojawapo jikoni. Sasa mifupa ya Saida inasema kuwa waliokuwa wakinyang'anyana babu, babu yao ni mmoja.

Ni kweli kuwa utafiti wa mwaka 2013 uliona tofauti ndogo za vinasaba baina ya jamii za dini mbalimbali katika Sham. Hata hivyo watafiti walieleza kuwa tofauti hizo ni za karibuni, zimetokana na watu wa dini moja kuoana wao kwa wao kwa vizazi kadhaa. Angalia jinsi jambo lilivyopinduka: tulidhani damu ndiyo inayotenga watu, kumbe ni watu waliojitenga wakaitenga damu yao.

Ama Palestina, huko karatasi hizi zina uzito wa roho za watu. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa kutoka Asqalan, ulioonyesha kuwa Wafilisti wa kale walikuwa na asili iliyotoka Ulaya ya kusini, na kwamba asili hiyo ilimezwa na ya wenyeji ndani ya karne chache. Benjamin Netanyahu, aliyekuwa waziri mkuu wa Israel mwaka huo, aliudaka uchunguzi huo akaandika hadharani kuwa Wapalestina wa leo hawana uhusiano na watu hao, na kwamba wazee wao walikuja baadaye kutoka Bara Arabu. Mwaka uliofuata, 2020, ukatoka utafiti mwingine mkubwa zaidi, uliosoma vinasaba vya watu 73 wa kale wa kusini mwa Sham. Ulionyesha kuwa jamii nyingi za Kiyahudi pamoja na jamii za Sham zinazosema Kiarabu zinaweza kurudisha nusu au zaidi ya asili yao kwa watu walio na uhusiano na wakazi wa eneo hilo na jirani zao wa mashariki katika zama zile. Mwarabu wa Palestina hakuletwa na upepo wa jangwani juzi. Wala Myahudi naye hakukosa mzizi huko.

Waislamu wengi waliisambaza habari ya 2020 kwa furaha. Tunaielewa furaha yao, lakini hatushiriki nayo yote. Haki ya Mpalestina juu ya nyumba yake haitokani na mfupa wa miaka 3,000. Inatokana na kuwa nyumba ni yake, aliijenga au alirithi, na anayemtoa humo kwa nguvu ni dhalimu. Tukikubali haki ipimwe kwa mate ya kichupa, basi Mpalestina ambaye babu yake alihamia kutoka Misri au Bosnia atakuwa hana haki, na mwenye vinasaba vingi vya Kanaani atakuwa na haki ya kumfukuza. Hiyo ni mizani ya jahilia, na haiwi mizani ya haki kwa sababu tu leo imetuelemea sisi.

Sasa tutazame upande wa pili wa urithi wa watu hawa. Mabaharia wa Sur walivuka bahari wakajenga miji huko magharibi, na mkubwa wao ulikuwa Kartago, katika Tunisia ya leo, ambao kwa riwaya za kale ulianzishwa mwaka 814 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Waliuita Qart Hadasht, maana yake mji mpya, na hilo hadasht ni la mzizi mmoja na neno la Kiarabu tulilolichukua tukasema hadithi. Jemadari wao Hannibal alibeba jina la Baal ndani ya jina lake. Kwa lugha, kwa dini na kwa desturi, watu wa Kartago na miji dada yake ya Sicily, Sardinia na Hispania walikuwa Wafinikia, hadi Warumi walipoubomoa mji huo mwaka 146 kabla ya Nabii Isa.

Mwaka 2025 matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu wa kale wapatao 210, wengi wao kutoka katika miji hiyo, yalitolewa. Wanasayansi wenyewe walishangaa. Katika watu walioishi baina ya karne ya sita na ya pili kabla ya Nabii Isa, asili ya Sham ilikuwa karibu haipo. Wengi walikuwa na asili ya watu wa Sicily na visiwa vya Ugiriki, na wengine ya Afrika Kaskazini. Walipatikana hata ndugu wa ukoo mmoja, mmoja amezikwa Afrika na mwingine Sicily, bahari iko katikati. Watu hawa waliandika Kifinikia, waliwapa watoto wao majina ya Baal, walizikwa kwa desturi za Wafinikia, na wala hawakuwa uzao wa Sur.

Wenye damu ya Kanaani, wa Lebanon na Palestina, waliacha lugha na dini ya Kanaani. Walioshika lugha na dini hiyo kule magharibi hawakuwa na damu yake. Hatujui mfano ulio wazi zaidi ya huu.

Na kipo kitu kimoja cha watu hawa kilichotufikia sisi bila tone la damu. Tuliosoma chuoni tulikaririshwa abjad, hawaz, hutti, kalaman, sa'fas, qarashat. Zihesabu herufi zake: ni 22, na mpangilio wake ni ule ule wa herufi 22 za Wafinikia. Waarabu waliongeza sita zikatimia 28. Alif kwa asili ni ng'ombe dume, na umbo lake la kale lilikuwa kichwa chenye pembe. Ba ni nyumba, bayt, ambayo katika Kiswahili imekuwa beti la shairi. Ayn ni jicho, nao waliiandika kama duara. Kutoka kwao herufi zilipita kwa Waaramu na Wanabati hadi kwa Waarabu, zikaandikiwa Qur'an. Na kwa njia nyingine zilipita kwa Wagiriki na Warumi, nazo ndizo zilizochapa gazeti hili ulilolishika.

Tulipofika hapo mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza, kisha akauliza juu ya pwani yetu. Ana haki ya kuuliza. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili ya Kenya na Tanzania na mji mmoja wa ndani kidogo. Katika wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na ilitoka hasa kwa wanawake. Fungu kubwa lililobaki lilitoka Asia, sehemu yake kubwa ikiwa ya wanaume wa Kiajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Asili ya Kiarabu iliongezeka zaidi baada ya mwaka 1500 hivi. Wazee wa Kilwa waliposimulia habari za Washirazi hawakusema uongo. Walisimulia upande wa baba.

Shajara inafanya hivyo hivyo. Mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kisha wanane. Ukifika kizazi cha kumi juu yako zipo nafasi 1,024 za wazee. Shajara inamtaja mmoja tu katika kila kizazi. Haidanganyi kwa anayemtaja, ila imenyamaza juu ya wote waliobaki.

Uislamu haukuifuta nasaba. Mirathi inasimama juu yake, maharimu wanajulikana kwayo, na Mtume (S.A.W.) alikemea vikali mtu kujinasibisha na asiye baba yake. Alituagiza pia tujifunze nasaba zetu kwa kadiri ya kuunga udugu. Lakini alihesabu kujifakharisha kwa nasaba, na kutia ila nasaba za wengine, katika mambo ya jahilia ambayo umma wake hautayaacha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Katika Suratul Hujurat (49:13) Allah anatujulisha kuwa ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu kwake ni mchamungu zaidi. Mwana wa Nuhu alizama baba yake akiwa juu ya safina, na Nuhu akaambiwa kuwa huyo si katika ahli zake (11:46). Baadhi ya wafasiri wamempa mwana huyo jina la Kan'an, wengine wamesema ni Yam. Hatudai kuwa ndiye babu wa Wakanaani. Ila jina hilo lina historia nzito.

Kuhusu kufu hatutaki kumficha msomaji kitu. Katika madhehebu yetu ya Shafii nasaba inatazamwa katika kufu, na Imamu Malik yeye alitazama dini zaidi. Hata hivyo kwa Shafii kufu ni haki ya binti na walii wake, wanaweza kuisamehe, na ndoa ikasihi. Fatima bint Qais alikuwa Mkuraishi, akaposwa na watu wenye majina makubwa. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwa Usama bin Zaid, mtoto wa aliyekuwa mtumwa, na mama yake Ummu Ayman alikuwa Mhabeshi. Mwanzoni alisita, kisha akakubali, na yeye mwenyewe akasimulia baadaye kheri aliyoipata.

"Basi hii ya babu niichome?" mzee akauliza, akiinyoosha shajara juu ya goti.

Tukamwambia la, aihifadhi, na aitumie kuwatafuta jamaa zake. Kisha tukamwomba atutajie wanawake wa ukoo wake, ambao babu hakuwaandika. Alianza na mama yake, akaenda kwa bibi yake. Akanyamaza kitambo. Jina la tatu alilitaja kwa sauti ya chini, na lilikuwa jina la Kiyao.

Ameomba apewe muda azungumze na ndugu zake na kumsikiliza binti mwenyewe. Kijana ameambiwa asubiri, na bado anafundisha watoto kila alasiri katika madrasa ile ile. Nasi tunasubiri pamoja naye.